Kinga isikufie njiani: namna ya kuitunza na kuitengeneza nyumbani



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea na wadudu wa mahindi. Leo tunazungumza juu ya kinga. Mtu anaweza kuuliza: agronome anajua nini juu ya kinga? Swali ni la haki, na sisi wenyewe tumejifunza mambo mingi ya hapa kwa mafundi wa sokoni, tukiwa tumechuchumaa karibu yao na kuuliza kila kidude jina lake. Lakini mavuno yasiyofika depo hayana faida kwa mtu, hata kama shamba lilikuwa zuri namna gani. Na kwetu Katanga, katikati ya shamba na depo mara mingi iko kinga.

Mwaka uliopita, mwezi wa ine, koperative moja tunayoifuata kwenye njia ya Kasenga ilipatana na mnunuzi. Lori yake haikuweza kuingia kijijini juu ya daraja mbovu, kwa hiyo mahindi yalipaswa kubebwa kilometa 18 mpaka kwenye barabara kubwa. Kinga 14 ziliondoka alfajiri, kila moja na mifuko miwili ya kilo 50. Zilizofika saa ya lori ni 9. Mbili zilitoboka na hakuna aliyekuwa na rustini. Moja ilikatika sheni, moja klaveti ya pedali ilitoka, na ya tano ilivunjika reyo tatu mara moja, janti ikapinda kama sahani ya zamani. Mifuko 10 ililala kando ya njia. Usiku mvua ya mwisho ya msimu ikanyesha.

Ninyi munajua kilichofuata. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, yenye maji yasiyopita asilimia 13 au 14, yakilowana na kufungwa ndani ya mfuko yanaota kuvu ndani ya siku chache, na kuvu nyingine inaacha sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mnunuzi alikataa ile mifuko. Sehemu iliyookolewa iliuzwa meka kwa meka sokoni, kwa bei ya huruma. Na kitu kilichokosekana ile siku ni rustini mbili, kole kidogo, na kle moja.

Tuongeze na kosa letu sisi. Kinga kadhaa za ile koperative zilitoka kwetu, kwa mradi. Tulizigawa kwa sherehe, picha zikapigwa, tukarudi mjini. Mama mmoja wa komite alitwambia baadaye, mbele ya watu wote: «Mulituletea kinga, lakini kle hata moya hamukuleta.» Hatukuwa na jibu. Makala hii ni sehemu ya jibu, na ingine mutaikuta mwishoni.

Kinga tunayozungumzia

Ni ile nzito ya chuma, yenye magurudumu makubwa, freni za vyuma vinavyovuta kutoka kwenye gidoni, na sheni moja bila vitesi. Nyingi zinatoka India ao Chine, lakini mpango wake ni wa Waingereza wa zamani, umepita miaka mia. Vijana wa mjini wanaicheka. Sisi hatuicheki: karibu kila kipande chake kinafunguliwa na kle na nyundo, vipuri viko kwenye kila soko, na kinga mbili za majina tofauti zinaweza kuazimana vitu. Kinga za kisasa zenye vitesi ni nzuri kwa barabara ya lami, lakini zikiharibika kijijini zinakuwa mapambo ya ukuta.

Kutoboka: usikimbilie rustini

Mambo yote ya kinga, hili ndilo linalokula pesa nyingi, na ndilo jepesi kuliko yote kulifanya nyumbani. Baba mmoja alitwambia kwamba kila mwezi analipa fundi meka mbili za mahindi kwa kutoboka tu. Kwa mwaka ni zaidi ya mfuko mmoja wa kilo 50!

Kabla ya kufungua kitu, anza na valvu. Kinga zetu mingi ziko na valvu ya namna ya zamani, yenye kipira kidogo chembamba kilichovikwa kwenye kijiti cha ndani. Kipira kile kikizeeka kinapasuka, upepo unatoka polepole usiku kucha, na mtu anasema «nimetoboka» wakati shambreri ni nzima. Jaza upepo, paka mate kwenye mdomo wa valvu, tazama. Povu likitoka, badilisha kile kipira tu. Ni kazi ya dakika moja, na inafaa kuwa na vipira viwili ao vitatu mfukoni siku zote.

Kama valvu ni nzima, geuza kinga juu chini na ufungue mpira upande mmoja tu, kuanzia mahali palipo mbali na valvu. Usitumie turnavisi! Turnavisi inatoboa shambreri tena, na hapo unatafuta tundu moja kumbe yako matatu. Mikono miwili ya vijiko vya chuma inatosha: ya kwanza inainua ukingo wa mpira na kukaa pale, ya pili inakimbia kando ya janti.

Vuta shambreri nje, ijaze upepo, izamishe sehemu kwa sehemu ndani ya basani ya maji. Popote povu linapotoka, kausha na uweke alama kwa biki. Endelea kuzungusha mpaka umalize shambreri yote, hata kama umekwisha kupata tundu. Mafundi wa haraka wanasimama kwenye la kwanza, ndiyo maana munarudi kwao jioni.

Sasa jambo ambalo wengi wanaruka: tundu linasema lilitoka wapi. Kama liko upande wa nje, ni mwiba ao msumari, na pengine bado uko ndani ya mpira. Pitisha kitambaa polepole ndani ya mpira wote. Kitambaa kitanasa kwenye ncha hata kama jicho halioni, na kidole chako kitapona. Kwenye njia zetu adui mkubwa siyo mwiba peke yake. Kuna visiki vidogo vya majani yaliyochomwa, vigumu kama sindano, na nyuzi za chuma zinazobaki pale watu walipochoma mipira ya gari. Uzi ule ni mwembamba kama unywele. Ukiuacha ndani, utatoboa rustini yako mpya kabla hujafika sokoni.

Kama tundu liko upande wa ndani, unaoangalia janti, basi kichwa cha reyo kinatokeza. Kipige lima mpaka kilingane, kisha zungushia janti mkanda uliokatwa kwenye shambreri ya zamani. Na kama matundu ni mawili, karibu-karibu, kila upande moja, kama meno ya nyoka, hakuna mwiba wowote. Shambreri ilibanwa kati ya jiwe na janti kwa sababu upepo ulikuwa kidogo ao mzigo ulizidi. Hapo rustini ni dawa ya leo tu. Dawa ya kesho ni pompi.

Kubandika kwenyewe ni hivi. Sugua mahali pa tundu mpaka pawe peusi bila kungʼaa, mahali papana kupita rustini. Asiyekuwa na karatasi ya kusugulia atoboe kifuniko cha kopo kwa msumari, upande wa makali unasugua vizuri. Futa mavumbi. Paka kole nyembamba, nyembamba sana, kisha ngojea. Ngojea kweli: mpaka ukigusa pembeni kwa kidole kole isishike tena, dakika 5 hivi, zaidi wakati wa mvua. Kole inashika ikiwa imekauka. Rustini ikiwekwa kwenye kole mbichi itateleza na kubanduka siku ya jua kali, na hapo watu wanalaumu rustini, wanalaumu hata duka. Ukiisha kuiweka, ikandamize kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni, ao ipige polepole na upande wa mbao wa nyundo.

Kwa kurudisha, tia upepo kidogo ndani ya shambreri ili isijikunje, ingiza valvu kwanza, kisha rudisha ukingo wa mpira kwa mikono, ukianzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Pale mwisho sukuma valvu kwenda ndani kidogo, ili shambreri isibanwe chini ya ukingo, kisha ivute tena. Ndipo ujaze upepo. Ni upepo kiasi gani? Kipimo kimeandikwa kwenye ubavu wa mpira, lakini nani ana manometa kijijini? Fanya hivi: funga mzigo wako, simama nyuma, tazama gurudumu la nyuma pale linapogusa chini. Kama mpira umetanuka kama mguu wa bata, ongeza.

Na ukitoboka mbali, bila kitu chochote? Wazee wanajua: funga fundo kwenye shambreri mahali pa tundu, kabisa, kisha jaza upepo ule unaoingia. Ao jaza mpira majani makavu, ukikandamiza sana. Njia zote mbili zinakufikisha nyumbani ukisukuma kinga tupu. Mzigo uache kwa mtu, usiharibu janti kwa kulazimisha.

Sheni na mafuta yake

Tumeona sheni zilizopakwa mafuta ya mawese. Tunaelewa, ndiyo mafuta yaliyo nyumbani. Lakini mawese yanaganda saa ya baridi, na mwezi wa sita na wa saba kwetu asubuhi ni baridi kweli. Kisha yanashika ule mavumbi mwekundu mpaka sheni inakuwa kama lima. Inajisaga yenyewe. Mafuta yaliyotolewa kwenye injini ya gari yanateleza vizuri zaidi, lakini yamejaa unga wa chuma, na hayafai kwa ngozi wala kwa udongo: usiyashike na mikono mitupu, usiyamwage karibu na kisima. Chupa ndogo ya mafuta mapya ya injini, ya kununua watu wanne, inaweza kumaliza msimu mzima, kwa sababu sheni haihitaji mingi.

Kwanza safisha. Kitambaa na mazutu kidogo vinatosha, mbali na moto na mbali na watoto. Esanse usitumie, inashika moto kabla hujaona. Ikiisha kukauka, weka tone moja la mafuta juu ya kila kiungo, zungusha pedali kinyume mara kadhaa, kisha futa sheni yote kwa kitambaa kikavu. Ndiyo, futa! Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani ya viungo. Yaliyobaki nje kazi yake ni kukaribisha mchanga.

Sheni inayolegea inaruka kwenye pinyoni, na inayokazwa sana inakula bili za gurudumu na za pedali. Shika katikati yake, kati ya plato na pinyoni: iweze kupanda na kushuka kama sentimeta moja na nusu hivi. Zungusha pedali na upime tena mahali pengine, kwa sababu plato mingi haziko duara kamili. Kwa kukaza, legeza ekru mbili za gurudumu la nyuma, vuta gurudumu nyuma, hakikisha liko katikati ya miguu ya kadri, ndipo ufunge pande zote mbili.

Je, sheni imezeeka? Musitazame rangi. Chukueni rula ya mtoto wa shule. Kutoka katikati ya pini moja, hesabuni nafasi 24 mpaka katikati ya pini ya 25. Sheni mpya inapima milimita 305. Ikifika 308, ibadilisheni. Ukichelewa, sheni ndefu inatafuna meno ya plato na pinyoni mpaka yanakuwa makali na kupinda kama mundu, na hapo sheni mpya itaruka tu juu yake. Utanunua vitu vitatu mahali pa kimoja. Unapofunga kile kiungo chenye kibanio, upande wa kibanio usiokuwa na mwanya uelekee kule sheni inakokwenda. Ukiuelekeza kinyume, tawi moja tu la njiani linaweza kukitoa.

Freni

Hapa hatucheki. Kijana mmoja wa koperative yetu ingine alikuwa anashuka mlima na makala, freni ya mbele haikuwepo kwa muda mrefu, na ya nyuma ekru ndogo ya chuma cha kuvutia ilianguka bila yeye kujua. Alijaribu kuzuia gurudumu kwa kandambili, kama wanavyofanya wote. Alivunjika mfupa wa bega, na msimu wa kulima ukapita yeye akiwa amekaa kibarazani, mke wake peke yake shambani na watoto wawili. Ile ekru haina ukubwa wa punje ya mahindi.

Kila asubuhi ya mzigo, vuta freni ya mbele na usukume kinga mbele, gurudumu likatae. Vuta ya nyuma, vivyo hivyo. Kisha pitisha vidole kwenye kila ekru ya vile vyuma, kutoka gidoni mpaka chini. Mipira ya freni ikae milimita 2 ao 3 kutoka kwenye janti na iguse pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ikibaki nyembamba mpaka chuma kinakaribia kugusa, badilisha. Wengine wanakata vipande vya mpira wa gari na kuvifunga pale. Hatukatazi, tumeona vinavyosaidia, lakini vinakwisha haraka, kwa hiyo avitazame kila siku.

Mvua ikinyesha ni jambo lingine. Janti ya chuma ikilowana, freni karibu inapoteza nguvu zote. Unavuta na kinga inaendelea tu. Gusa freni mara kadhaa kabla ya mteremko, ili mipira ifute maji kwenye janti. Na kama una mifuko miwili na mteremko ni mkali, shuka, utembee. Hakuna aibu. Watu wa makala waliozeeka katika kazi hii wote wanashuka, tuwaulize kwa nini bado wako wazima.

Bili, grese, na mavumbi

Inua gurudumu, lishike juu, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, koni zimelegea. Likizunguka kwa shida na sauti ya mchanga, grese imekwisha ao maji yameingia. Anayevuka mto na maji kufika katikati ya gurudumu, asingojee sauti: maji yameisha kuingia. Afungue ndani ya ile wiki.

Kufungua siyo kugumu, kunataka utulivu tu. Tandika mfuko mweupe chini kabla ya kulegeza kitu. Bili ni ndogo, zinaruka, zinapenda mavumbi kuliko sisi. Siku ya kwanza tulipojaribu mbele ya wanamemba, bili moja ilituponyoka, na jioni yote tulichekecha udongo wa uwanja kwa kichungi cha unga cha mama prezida. Hajasahau, wala hatujasahau sura yake.

Hesabu bili za kila upande na uandike, maana za mbele na za nyuma ukubwa wake si mmoja. Zioshe na mazutu, zitazame juani. Ikiwa moja imepoteza kungʼaa ao ina kidonda, badilisha za upande ule zote. Beba moja sokoni kama mfano. Jaza grese mpya kwenye kikombe, panga bili ndani yake, nazo zitakaa bila kuanguka. Zisibanane, ibaki nafasi ndogo. Rudisha akse na ukaze koni mpaka kuyumba kuishe lakini gurudumu bado linazunguka lenyewe kwa uzito wa valvu. Kisha ushike koni isitembee unapokaza ekru ya kuifunga. Hapa unahitaji kle mbili, na moja iwe nyembamba.

Upande wa pedali, jambo moja linaloharibu vitu vingi: pedali ya kushoto inafungwa kinyume. Kwa kukumbuka, weka kle juu ya pedali, upande wowote. Kuivuta kuelekea mbele ya kinga kunafunga, kuelekea nyuma kunafungua. Na ukisikia «tok» kila mzunguko, ni klaveti. Weka kipande cha mti mgumu chini ya mkono wa pedali, piga klaveti iingie, ndipo ukaze ekru yake. Ekru haivuti klaveti, inaizuia tu isirudi. Usitembee siku nyingi na ile «tok», itaharibu mkono wenyewe.

Ya fundi tumwachie fundi

Kunyoosha janti, kuchoma kadri iliyopasuka, kubadilisha vikombe vya katikati: hiyo ni ya fundi, na hatutaki mtu aseme makala hii inamnyima chakula. Lakini unaweza kumpelekea kazi ikiwa bado ndogo. Kila wiki bana reyo mbili-mbili kwa vidole, gurudumu zima. Gurudumu la nyuma la kinga hizi za zamani lina kawaida reyo 40, la mbele 32, na zinazokatika kwanza ni za nyuma, upande wa sheni, kwa sababu ndizo zinazovutwa kuliko zote. Reyo moja ikikatika, jirani zake zinabeba mzigo wake. Ukimpelekea fundi moja leo, ni kazi ndogo. Ukingoja ziwe tatu, ni kama yule wetu wa njia ya Kasenga.

Na mzigo wenyewe tuuzungumzie kama watu wazima. Tunajua hakuna atakayebeba mfuko mmoja mahali ambapo miwili inaingia. Basi iwekwe chini, mmoja kila upande, karibu na gurudumu, siyo juu ya porbagaji mmoja juu ya mwingine. Kaza ekru za porbagaji kabla ya kuondoka, siyo baada ya kufika. Mzigo mzito sukuma, usipande. Kinga ina mtu mmoja na furushi lake katika hesabu ya walioifanya. Kilo 100 ni mapatano yenu wenyewe na ile chuma.

Sanduku la vyombo

Hii ndiyo sehemu ya pili ya jibu letu kwa yule mama. Mbele ya mavuno, kila koperative iliyo na kinga za mradi itapokea sanduku moja: kle za namba 8 mpaka 17, kle mbili nyembamba za koni, turnavisi, pensi, nyundo, lima, pompi, mikono ya kufungulia mipira, rustini, kole, grese, mafuta, na pini za sheni. Rustini, kole na mafuta vitakwisha, na mradi hautarudi kuvijaza. Kwa hiyo komite iamue mapema nani analipa. Koperative moja imekwisha kukata shauri: kila mwenye kinga anatoa meka moja ya mahindi kwa mavuno, inauzwa, pesa zinaingia kwenye kaye ya sanduku. Ingine inalipisha kidogo kwa kila rustini. Zote mbili zinaweza kutembea, ila musiache bila kuamua, maana kole ya bure inakwisha kwa wiki mbili.

Nani atunze ufunguo? Sisi tunapendelea watu wawili, na mmoja wao awe mama. Siyo kwa maneno ya ripoti. Katika koperative tulizotembelea, wamama ndio walioandika kila kle iliyotoka na nani aliichukua, na ndio waliokwenda kugonga mlango jioni kuidai. Tena wasichana wajifunze pamoja na wavulana. Msichana mmoja wa darasa la sita alibandika rustini mbele yetu vizuri kuliko agronome aliyeandika sehemu hii.

Kwa kikao kijacho mulete kinga tano tu, zile zilizo wagonjwa zaidi, basani moja ya maji, vitambaa vya zamani, na mfuko mweupe wa kutandika. Kichungi cha unga tutakuja nacho sisi.